Riwaya Isomwe, Isiigizwe

Hotuba kwa wasomaji na walimu waliokutana Mtwara mjini

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, vijana wa vyuo, na ninyi ndugu mliopanda basi alfajiri kutoka Newala, Masasi na Lindi ili muwahi hapa, karibuni na poleni na safari. Nashukuru kupewa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumze kuhusu riwaya na vitabu vya kusikiliza. Niseme mapema kwamba mimi ni msomaji. Nimefundisha Kiswahili sekondari kwa miaka mingi huku kwetu kusini, na tangu presha ya macho imnyang'anye mama yangu mkubwa uwezo wa kuona, jioni namsomea riwaya kwa sauti. Ndiye mkosoaji wangu mkali kuliko wote. Kwa hiyo haya ni maoni ya mtu anayesoma, anayesikiliza na anayewasomea wengine. Nayatoa kwa moyo wote, maana vitabu vya sauti vinakuja kwa kasi kwenye simu zetu, na tusipovisemea sisi wenye lugha, watavipanga wasioijua.

Maoni yangu yote yanatoka kwenye jambo moja: riwaya isomwe, isiigizwe. Mwandishi ameshaweka hasira, huzuni, kiburi na mapenzi ndani ya sentensi zake. Anayesoma kwa sauti akiiamini sentensi, msikilizaji atavikuta vyote humo. Akiongeza vilio na vicheko vya kwake, anatusimulia jinsi yeye alivyokielewa kitabu, na sisi tunanyimwa nafasi ya kukielewa wenyewe.

Kabla sijaingia ndani, kuna wenzangu walimu wanaosema kusikiliza kitabu ni uvivu. Siafiki, na sitakaa sana hapa. Tenzi zetu zilisomwa barazani kwa watu waliokuja kusikiliza. Maulidi husomwa na mmoja, mtaa mzima ukasikiliza. Kanisani anasimama msomaji mmoja, na hakuna anayesema waumini hawakulipata somo. Hata kifaa cha kunasa sauti kilipozaliwa, kitabu kilikuwa tayari kwenye fikra. Thomas Edison alitengeneza fonografu mwaka 1877, na mwaka 1878 alipoorodhesha kazi alizotarajia kifaa hicho kifanye, alitaja vitabu vya kuwasomea wasioona. Katika miaka ya 1930 Marekani na Uingereza zikaanza kweli kuwatolea wasioona vitabu kwenye santuri. Kule Uingereza miongoni mwa waliolengwa walikuwa askari waliopofuka kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Riwaya moja ilijaza rundo la santuri, na kila baada ya dakika chache ilibidi mtu ainuke aigeuze. Mwaka 2013 nchi nyingi zilikubaliana huko Marrakesh mkataba unaorahisisha kuwatengenezea wasioona nakala wanazoweza kuzitumia na kuzivusha mipaka bila kukwamishwa na hakimiliki, na ukaanza kufanya kazi mwaka 2016. Waliokihitaji kwanza kitabu cha sauti ni watu walio katika hali ya mama yangu mkubwa. Sisi wa kusikiliza ndani ya basi tumekuja baadaye, na tunakaribishwa.

Sasa nizungumze kuhusu kuigiza.

Chukueni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999. Yasmin ni binti wa Kihindi anayeozwa kwa Raza, mwanamume aliyempita mno kwa umri. Anatoroka, anapokelewa na Mwajuma, anakutana na Denge aliye kwenye harakati za kuupinga ukoloni. Mpe kitabu hiki mtu anayependa kuigiza, na mara Yasmin afunguapo kinywa utasikia lafudhi ya Kihindi ya kuchekesha, ile ya vichekesho vya mtaani. Papo hapo kitabu kimekufa. Yasmin anageuka kuwa kichekesho, na uchungu wa binti anayetengwa na ndugu zake, alioubeba mwandishi kurasa nyingi, unapotea kwa sababu ya herufi mbili tatu zilizopindwa. Adam Shafi alimfanya binadamu kamili. Anayemsomea asimpunguze.

Au mwanamume anayesoma maneno ya mwanamke kwa kubana pua na kupandisha sauti. Sijawahi kusikia mahali ambapo jambo hili limefaa. Nikisoma maneno ya Mwajuma, nayaacha yatoke upesi kidogo, maana ni mwanamke anayejua mji na hana muda wa kuzunguka. Ya Yasmin mwanzoni nayatoa taratibu, kwa sababu yumo katika nyumba ya watu na anapima anachosema. Sauti inabaki ileile yangu, kinachobadilika ni mwendo. Mama mkubwa hajawahi kuniuliza "nani huyo anasema?" Na siku nilipojaribu kumsomea Raza kwa sauti nzito, alinyoosha mkono akagusa kitabu, akaniambia, "Mwanangu, soma tu."

Msinielewe vibaya kuhusu uigizaji wenyewe. Nimekulia kwenye redio. Michezo ya Radio Tanzania, yenye watu kadhaa, milango inayogongwa na hatua zinazosikika, ni sanaa kamili, na waliocheza humo waliijua kazi yao. Mchezo wa redio umeandikwa ugawanywe kwa vinywa vingi. Riwaya imeandikwa kwa kinywa kimoja, cha msimulizi, na hata mazungumzo ya wahusika yanapita kwake kwanza. Wanaokumbuka kipindi cha Mama na Mwana wanalijua hili bila kufundishwa: ilikuwa sauti inayotusimulia, nasi watoto tukaona fisi, sungura na msitu mzima.

Vivyo hivyo muziki. Sipendi muziki uliowekwa chini ya maneno ya riwaya, na nasema bila kupepesa. Kinanda cha huzuni kinapoanza kabla ya habari ya msiba, nimeshaambiwa kuna msiba. Mwandishi aliupanga msiba ule unikute sijajiandaa.

Linalofuata ni pumzi, na hapa nitakaa, maana naona ndipo kazi ilipo hasa. Sisi wa pwani tuna mafunzo ya jambo hili kuliko tunavyodhani. Mtoto wa madrasa pale Mikindani anafundishwa tajwidi, yaani kanuni za kuisoma Kurani, akiwa mdogo: hapa lazima usimame, hapa unaweza kusimama, hapa usisimame kabisa kwa sababu ukisimama umegeuza maana. Hafundishwi kulia akifika kwenye aya ya adhabu. Anafundishwa kusimama mahali pake, na wasikilizaji wanalia wenyewe. Riwaya haina alama za kusimama zilizopigwa juu ya mstari, ila inadai nidhamu ileile ya pumzi.

Angalieni Shaaban Robert. Kusadikika ilichapishwa mwaka 1951, na sehemu yake kubwa ni Karama akijitetea barazani siku sita mfululizo. Ni kitabu cha mtu anayezungumza mbele ya watu wanaotaka kumhukumu. Sentensi zake zinakwenda kwa mizani, upande huu ukipanda, upande ule unajibu. Msomaji akikosa pumzi akakata katikati, mizani inavunjika na maneno yanaonekana mengi bila sababu. Vijana wengi wanaosema Shaaban Robert anachosha hawajawahi kumsikia akisomwa na mtu mwenye pumzi. Nimeona darasani: ukurasa uliowalaza wanafunzi walipousoma kimya, uliwaamsha uliposomwa kwa sauti na kijana mmoja aliyezoea kusoma masomo kanisani, kwa sababu alijua kufika mwisho wa sentensi.

Euphrase Kezilahabi anadai kitu kingine. Kichwamaji ya mwaka 1974 inasimuliwa na Kazimoto mwenyewe, msomi wa chuo kikuu, kwa sentensi fupi zinazokatika. Hapa hatari ni ya namna yake. Anayesoma ameshamaliza kitabu na anajua mwisho wake ni mweusi, basi anaanza ukurasa wa kwanza kwa sauti ya mazishi. Kazimoto wa ukurasa wa kwanza hajui yatakayomkuta! Anajiona mjanja, anachokoza, anatamani. Msomaji aliyeutia mwisho ndani ya mwanzo ameiba kitabu kizima. Huu ndio ufundi ninaouheshimu kuliko wote kwa wasomaji wa sauti: kuzuia wanachokijua.

Zipo pia riwaya ambazo nadhani zibaki kwa macho. Nagona na Mzingile, za Kezilahabi huyohuyo, zimejaa ndoto, mafumbo na njia zinazorudi zilikotoka. Mtu anahitaji kusimama, kurudi kurasa tatu nyuma, kulinganisha. Sauti inakwenda mbele tu. Unaweza kubonyeza kurudisha, kweli, ila mwenye kurudisha kila dakika anateseka. Upande mwingine, hadithi za Bwana Msa, alizozianza Muhammed Said Abdulla kwa Mzimu wa Watu wa Kale, zimejaa mazungumzo ya haraka na zinatembea zenyewe sikioni. Hizo hata msomaji wa kati tu atazifikisha.

Niwaeleze nilichokiona kwa akina mama wanaobangua korosho, maana pale nilijifunza kuliko chuoni. Msimu uliopita wa korosho nilikaribishwa kwenye kibanda cha kikundi kimoja, nje kidogo ya mji. Wamekaa kwenye mikeka, vidole vimepakwa majivu ili mafuta ya ganda yasichubue ngozi, kila mmoja na jiwe lake. Anaiweka korosho iliyokwisha kukaangwa kwenye ubavu wake, pigo moja, mbili, ganda linaachia, kiini kinatoka kizima. Kiini kilichovunjika bei yake iko chini, kwa hiyo macho hayatoki mkononi. Mikono ina kazi, macho yana kazi, masikio hayana kitu. Nikawasomea Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, kwa kinywa changu, kitabu mkononi.

Mwanzoni mapigo ya mawe yaliendelea juu ya maneno yangu, nikapandisha sauti. Halafu nikaacha kupandisha. Nikasoma kwa sauti yangu ya kawaida na kufuata sentensi. Tulipofika kwenye machungu ya Rehema, mtoto asiyepata penzi la baba yake mwenyewe, mawe yalipungua, yakabaki mawili, likabaki moja. Mama mmoja wa makamo, korosho iko katikati ya vidole, akasema, "Rudia hapo alipomtazama." Nikarudia. Hakutaka maelezo yangu, alitaka mstari. Mistari ileile niliwahi kuifundisha kwa maswali ya mtihani, wanafunzi wakaijibu vizuri sana bila kuisikia.

Tangu hapo naamini wasomaji wengi wa riwaya ambao bado hatujawapata wako kwenye kazi za mikono: wabanguaji, mafundi cherehani, wavuvi wanaoshona nyavu, madereva wa barabara ya Dar es Salaam wanaokesha na usukani. Watu hawa hawana saa ya kukaa na kitabu. Wana saa nyingi za kusikiliza.

Na vitu vyenyewe si vizito kubeba. Nikisoma kwa utulivu, ukurasa wa riwaya unanichukua dakika mbili na nusu hadi tatu, kwa hiyo riwaya ya kurasa 200 ni kati ya saa nane na kumi. Sauti ya usomaji iliyohifadhiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde inachukua kama megabaiti 29 kwa saa. Riwaya nzima haifiki megabaiti 300. Inaingia kwenye kadi ya memori ya simu ya kitochi na kuacha nafasi ya nyingine nyingi, na ikishaingia haili bando. Dukani wanajua kurushia watu nyimbo kwenye kadi. Kurusha riwaya ni kazi ileile, mradi mwenye haki ameridhia.

Hilo la ridhaa naliweka wazi. Kumsomea mama yako jioni ni jambo moja, kurekodi kitabu cha mtu na kukisambaza ni jambo jingine. Mwandishi wa Kiswahili anapata kidogo, tusimnyang'anye hicho kidogo kwa jina la kueneza usomaji. Iandikwe barua kwa mchapishaji, yapatikane makubaliano ya maandishi, ndipo mtu akae mbele ya mikrofoni.

Sasa wapo wanaosema tusisumbuke, kompyuta inasoma. Nimezisikia sauti hizo. Kwa mama yangu mkubwa akitaka kujua kilichoandikwa kwenye ujumbe wa simu, zina msaada mkubwa, na sizibezi. Kwa riwaya, nazikataa. Mashine inatamka maneno moja moja na nukta inaiheshimu, lakini haijui ni neno gani ndani ya sentensi limebeba jambo. "Wewe ulimwambia" yaweza kuwa swali, lawama au mshangao, kutegemea kilichotokea kurasa kumi nyuma. Mtu aliyekisoma kitabu anajua. Na zaidi ya hapo, ninaposikiliza riwaya nataka kujua kwamba kuna mtu mwingine aliyeufikia mstari huu kabla yangu na akaumia.

Mtu huyo awe nani? Hapa nina jambo la sisi watu wa kusini, na naomba mnisikilize. Tumezoeshwa kuamini kwamba sauti ya kusomea kitabu lazima itoke Unguja au Dar es Salaam. Kijana wa Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua akisimama kusoma, wenzake wanacheka kabla hajamaliza mstari wa kwanza, naye anakaa chini na harudi tena. Nimeiona hali hii madarasani na inaniuma. Kosa la matamshi linalofisha maana linarekebishwa, na mwalimu yupo kwa kazi hiyo. Lafudhi ni jambo tofauti. Lafudhi ni mahali mtu alikotoka, na riwaya ya Kiswahili ina wahusika kutoka kila mahali. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, ana riwaya iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis ikachapishwa mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Humo kijana Yusuf anachukuliwa na mfanyabiashara Aziz kwa sababu ya deni la baba yake, na anaishia kufuata msafara unaoingia bara. Misafara ya namna hiyo ilipita kwetu pia, ikashuka Kilwa, Lindi na Mikindani. Kwa nini nisiisikie habari ya msafara kwa sauti ya mtu ambaye babu zake waliiona ikipita mlangoni?

Kusini tumekuwa na vitabu muda mrefu. Ndanda, hapo njiani kuelekea Masasi, wamisionari wa Kibenediktini wamechapa vitabu vya Kiswahili ambavyo vimefika nchi nzima. Basi tulioweza kuchapa tunaweza na kusoma.

Kwa wanaotaka kuanza, nina machache ya kazi yenyewe. Kisome kitabu chote kimya kwanza, ndipo ukirudie na penseli, uweke alama za pumzi na uulizie jina lolote usilojua kulitamka. Tafuta chumba chenye godoro, mapazia na nguo nyingi, maana ukuta mtupu unarudisha mwangwi. Zima feni. Mikrofoni ikae kama shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, la sivyo kila p na b italipuka. Kunywa maji ya kawaida, yasiwe baridi. Jogoo akiwika au adhana ikianza, simama, ngoja, kisha urudie sentensi yote tangu mwanzo, kwa sababu sentensi iliyoungwa katikati inasikika imeungwa. Usisome zaidi ya saa moja bila kupumzika. Koo lililochoka msikilizaji analisikia kabla yako.

Nimeulizwa mara kadhaa asubuhi hii, tukiamua kusoma pamoja hapa Mtwara tuanze na kitabu gani. Jibu langu ni Kuli ya Adam Shafi, ya mwaka 1979. Ni habari ya Rashidi na wapagazi wa bandari ya Unguja, hadi mgomo wa mwaka 1948. Mji wetu ni wa bandari, na watu wanaojua uzito wa gunia begani na kelele za winchi tunao mitaani, hata hapa ukumbini naona wawili watatu. Ningependa sura za kazini zisomwe na mmoja wao, zile za nyumbani azisome mama mmoja wa hapa, na wote wawili wazisome kwa sauti zao za kila siku. Kwa leo hatutarekodi chochote. Tutasoma kwa zamu, ukurasa kwa ukurasa, na anayesikiliza akitaka mstari urudiwe anyooshe mkono. Nakala yangu hii hapa mezani, nimeshaifungua sura ya kwanza. Mzee wangu wa bandarini, karibu uanze.